Mabingwa wa Kwanza wa Uskoti

Kabla ya mwaka 1973, bingwa wa raga wa Uskoti alipatikana magazetini. Ligi ya taifa haikuwepo. Kila klabu ilijipangia mechi zake, makatibu wakiandikiana barua miezi mingi kabla ya msimu kuanza, na msimu ulipokwisha waandishi wa michezo walikaa na kalamu kupiga hesabu ya asilimia: fulani kacheza mechi ngapi, kashinda ngapi. Aliyeongoza kwa asilimia ndiye aliyeitwa bingwa, na ubingwa wenyewe ulijulikana kuwa si rasmi. Ulikuwa mpango wenye kasoro iliyo wazi kwa kila mtu. Asilimia haimuulizi mtu amemshinda nani. Klabu ndogo ingeweza kushinda Jumamosi baada ya Jumamosi, mwaka baada ya mwaka, na klabu kubwa za Edinburgh zisione sababu ya kuipa nafasi kwenye ratiba zao.

Chama cha Raga cha Uskoti, kilichoundwa mwaka 1873, kilikuwa mlinzi mkali wa mchezo wa ridhaa kuliko vyama vingine vyote vya visiwa vile. Wakubwa wake walipinga kwa miaka mingi hata namba mgongoni mwa jezi, kwa hoja kwamba mchezo ni kwa ajili ya wachezaji, na mtazamaji asiyemtambua mchezaji hana wa kumlaumu. Ligi waliiona kama mlango wa nyuma wa pesa. Penye ligi pana kombe, penye kombe watu hujaa, penye watu kuna kiingilio, na penye kiingilio siku moja mchezaji atauliza fungu lake liko wapi. Tusiwacheke. Mambo waliyoyaogopa yalikuja kutokea, ingawa ilichukua miaka zaidi ya ishirini.

Upande mmoja tu wa nchi ulikuwa umekwisha kuzoea ligi: kusini, kwenye vilima vinavyopakana na England, eneo linaloitwa Borders. Huko miji midogo ya Hawick, Galashiels, Melrose, Selkirk, Kelso, Jedburgh na Langholm ilikuwa na ligi yake iliyoanzishwa mwaka 1901, kongwe kuliko ligi zote za raga duniani. Melrose ndiko mchinjaji wa nyama Ned Haig alikotoa wazo la raga ya wachezaji saba mwaka 1883, ili klabu yake ipate fedha, na ndiyo maana kombe la dunia la mchezo huo linaitwa Melrose Cup. Wakenya waliokesha mbele ya televisheni timu yao ilipofika nusu fainali Dubai mwaka 2009, na tena Moscow mwaka 2013, walikuwa wakililia kombe lenye jina la kimji hicho.

Lakini mkubwa wa Borders katika raga alikuwa Hawick.

Hawick umekaa bondeni, pale kijito cha Slitrig kinapoingia mto Teviot, kilomita 80 hivi kusini mwa Edinburgh. Ni mji wa viwanda vya kufuma. Mashine za kwanza za kufuma soksi ziliingia mwaka 1771, na karne mbili baadaye watu wake walikuwa wakishona sweta za kashmiri zilizouzwa kwenye maduka ya kifahari ya dunia nzima, chini ya majina kama Pringle na Lyle & Scott. Wakazi wake hawakuwahi kuzidi sana watu elfu ishirini. Januari 1969 serikali iliifunga reli ya Waverley iliyopita hapo ikiunganisha Edinburgh na Carlisle, na tangu siku hiyo mji ukawa kisiwa cha nchi kavu. Anayetaka kwenda Murrayfield kuitazama timu ya taifa hupanda basi na kuzunguka vilima. Kila Juni vijana hupanda farasi kuzunguka mipaka ya ardhi ya mji, nyuma ya kijana asiyeoa aliyechaguliwa kubeba bendera, kukumbuka tukio la mwaka 1514. Mwaka mmoja kabla, wanaume wengi wa mji walikuwa wameuawa katika vita vya Flodden. Waliobaki walikuwa vijana, na hao ndio waliowavizia askari wa Kiingereza mahali paitwapo Hornshole na kuwanyang'anya bendera. Sanamu ya kijana juu ya farasi, bendera mkononi, iliyowekwa mwaka 1914, imesimama mwisho wa barabara kuu. Mtoto wa Hawick huanza kuipita akiwa bado amebebwa mgongoni.

Nayataja haya kwa sababu bila kuujua mji, msimu wa 1973–74 hausomeki. Klabu nyingi kubwa za Edinburgh na Glasgow zilikuwa klabu za wahitimu. Heriot's ilikuwa ya waliosoma shule ya George Heriot's, Watsonians ya waliosoma George Watson's, na ambaye hakupita darasani humo hakuwa na lake pale. Wachezaji wao wakawa mawakili, madaktari, watu wa benki. Borders haikuwa hivyo. Klabu ilikuwa ya mji, na mji ulikuwa wa wafumaji, mafundi, wachunga kondoo na wenye maduka. Raga ilikuwa mchezo wa mfanyakazi, kama ilivyokuwa katika mabonde ya Wales na kama isivyokuwa karibu kwingineko kote Uingereza. Daktari wa Hawick na kibarua wa kiwandani walisukumana kwenye skramu moja, na Jumatatu kila mmoja alirudi kazini kwake na michubuko yake.

Ndani ya mji huo mdogo mlikuwa na ngazi nzima ya timu. Mvulana alifundishwa kushika mpira shule ya msingi. Akitoka shule aliingia PSA au Wanderers, timu za vijana wasiotimiza umri wa watu wazima. Akikomaa alikwenda Linden, Trades, YM au Harlequins, timu nne za watu wazima zilizokuwa na uhasama wa mtaani wa kweli kabisa. Waliochujwa humo wakabaki bora ndio walioitwa kuvaa jezi ya kijani ya Hawick yenyewe, kwenye uwanja wa Mansfield Park. Kijana aliyeivaa jezi ile kwa mara ya kwanza alikuwa ameshapigana na nusu ya vijana wenzake wa mji ili aipate. Sijui klabu nyingi duniani, katika mchezo wowote, zilizowahi kuwa na chujio kali kama hilo ndani ya mji ambao unaweza kuuvuka kwa miguu.

Kizazi cha 1973 kilirithi ukali wa kizazi kilichotangulia. Jabali la kizazi hicho lilikuwa Hugh McLeod, mchezaji wa mstari wa mbele wa skramu, aliyeichezea Uskoti mechi 40 mfululizo kati ya 1954 na 1962 bila kukosa hata moja. Alisafiri mara mbili na Lions, timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland. Safari ya kwanza, ya Afrika Kusini mwaka 1955, ilimalizikia kwetu: wakiwa njiani kurudi nyumbani Lions walishuka Nairobi na kucheza na timu ya Afrika Mashariki katika uwanja wa Ngong Road, mwaka ule ule uwanja huo ulipofunguliwa. Safari ya pili, mwaka 1959, McLeod alicheza mechi zote sita za kimataifa dhidi ya Australia na New Zealand. Aliporudi Hawick alileta alichokiona kwa watu wa New Zealand: fowadi wanaokimbia pamoja kama kundi moja, wanaofika mahali mpira ulipoanguka wakiwa wameinama, na kuusukuma nyuma kwa miguu upesi kabla adui hajajipanga.

Aliyeigeuza elimu hiyo kuwa mataji alikuwa Derrick Grant. Naye alikuwa fowadi wa Hawick, mechi 14 za taifa, na Lions wa mwaka 1966. Alipochukua ukocha wa klabu aliingia na imani ambayo kwa raga ya ridhaa ya wakati ule ilikuwa karibu na utovu wa adabu: kwamba kuwa na pumzi ni wajibu. Wapinzani wengi walilichukulia zoezi la jioni kama kisingizio cha kukutana na marafiki. Vijana wa Grant walitoka viwandani, wakala kidogo, wakaenda kukimbia kwenye tope la majira ya baridi mpaka miguu ikatae.

Hivi ndivyo mambo yalivyokuwa Chama kilipokubali hatimaye, na Uskoti ikaanzisha ligi ya taifa vuli ya mwaka 1973. Ilikuwa ya kwanza kati ya nchi nne za visiwa vile. England ilingoja mpaka 1987 na Wales mpaka 1990. Klabu za nchi nzima zilipangwa katika madaraja, wa juu wakishuka na wa chini wakipanda. Kushinda kulileta pointi mbili, sare moja. Trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, wakati huo ilikuwa na alama nne. Na kila timu ya Daraja la Kwanza ilikutana na mwenzake mara moja tu kwa msimu, nyumbani au ugenini kama ratiba ilivyoangukia. Sharti hili la mwisho lilikuwa kali kuliko linavyosikika. Ukipoteza mechi Oktoba hapakuwa na marudiano Februari ya kusahihisha. Jumamosi moja ya upepo na mvua, mpira mmoja uliomponyoka mtu mikononi, ungeweza kuugharimu mji mwaka mzima.

Msimu huo ulikutana na jambo jingine. Klabu ya Hawick, iliyoanza mwaka 1873 kwa vijana wa klabu ya kriketi waliotaka mchezo wa majira ya baridi, ilikuwa inatimiza miaka 100. Ni rahisi kudhani sherehe kama hizo huwapa wachezaji nguvu. Mara nyingi huwapa uzito. Kila mzee uliyekutana naye barabarani alikuwa na baba au babu aliyecheza, na kila mmoja alikuwa na maoni.

Hawick wakatwaa ubingwa. Mabingwa wa kwanza rasmi katika historia ya raga ya Uskoti wakawa ni wafumaji na mafundi wa mji usio na treni.

Katikati ya timu ile alikuwapo kijana wa miaka 21, Jim Renwick, fundi umeme. Hakuwa mrefu. Nywele zilimwacha mapema. Alikuwa na nyayo ambazo mabeki wa nchi tano waliziogopa: alikuja kwako moja kwa moja, akakupa bega, na ulipolipania bega hilo alikuwa ameshapita upande mwingine. Januari 1972, akiwa bado na miaka 19, alifunga trai katika mechi yake ya kwanza ya taifa dhidi ya Ufaransa pale Murrayfield. Timu ambayo fowadi wake wanashinda mpira kwa jasho inahitaji mtu mmoja wa kuufanyia mpira huo jambo lisilotarajiwa. Hawick walikuwa naye, na walikuwa wamemlea wenyewe tangu darasa la awali.

Ubingwa ule ungeweza kuwa bahati ya mwaka mmoja. Hawick wakauchukua tena 1975, na 1976, na 1977, na 1978. Mara tano mfululizo, tangu ligi ilipozaliwa, hakuna Mskoti mwingine aliyejua bingwa anaonekanaje. Heriot's waliukata mnyororo huo mwaka 1979. Wakafuata Gala, majirani wa Hawick kutoka Galashiels, mara mbili, Hawick 1982, Gala tena, kisha Hawick mara nne nyingine kuanzia 1984 hadi 1987. Kelso wakachukua mara mbili, Melrose 1990. Katika misimu 17 ya kwanza ya ligi, ubingwa ulitoka nje ya Borders mara moja tu. Miji michache ambayo wakazi wake wote wangeenea katika uwanja mmoja mkubwa wa soka iliinyima miji mikubwa taji kwa karibu kizazi kizima. Hiyo ndiyo kazi iliyofanywa na ligi ya 1973. Haikuifanya Borders kuwa na nguvu. Nguvu ilikuwepo tangu zamani. Iliondoa mahali pa kujificha. Wakubwa wa Edinburgh hawakuweza tena kuchagua wa kucheza naye, na msimamo wa ligi haukuwa na safu ya kuandikia shule uliyosoma.

Matunda yalionekana kwenye timu ya taifa, ingawa kwa kuchelewa. Kwa muda mrefu Uskoti ilikuwa timu isiyojua kushinda ugenini. Machi 1982 ilikwenda Cardiff, ambako Wales haikuwa imefungwa nyumbani katika mashindano ya Mataifa Matano tangu 1968. Mapema katika mechi Roger Baird wa Kelso aliudaka mpira karibu na mstari wake mwenyewe, mahali ambapo mtu mwenye busara hupiga mpira nje. Akakimbia. Akampa Iain Paxton, Paxton akakata mbuga mpaka alipokamatwa, na aliyekuwa pembeni yake alikuwa Alan Tomes, jitu la Hawick la safu ya pili, lililokuwa limekimbia uwanja mzima kumfuata. Tomes akampa Jim Calder, Calder akafunga. Ukitaka kujua mazoezi ya topeni ya Derrick Grant yalikuwa ya nini, tazama Tomes yuko wapi sekunde ile. Renwick naye alifunga trai siku hiyo, akaongeza na mpira wa kudondosha. Uskoti ilishinda 34 kwa 18.

Kisha likaja Kombe la Dunia la kwanza, mwaka 1987, New Zealand na Australia. Kocha wa Uskoti alikuwa Derrick Grant. Nahodha alikuwa Colin Deans, mchezaji wa katikati ya mstari wa mbele, mtu wa Hawick mwenye kasi ya winga. Waliianza michuano kwa sare ya 20 kwa 20 na Ufaransa na wakatolewa robo fainali na New Zealand, waliokuja kuwa mabingwa. Deans alimaliza akiwa na mechi 52 za taifa, sawa kabisa na Renwick aliyestaafu mwaka 1984. Rekodi ya nchi nzima ikawa ya watu wawili, na wote wametoka mji mmoja.

Kuna mtu wa tatu wa kuwekwa pamoja nao, naye hakuichezea Uskoti kamwe. Bill McLaren alikuwa fowadi wa Hawick aliyefika kwenye mechi ya majaribio ya timu ya taifa mwaka 1947, akitoka vitani Italia. Kisha kifua kikuu kikamlaza sanatoria ya East Fortune kwa mwaka na zaidi. Akawa miongoni mwa wagonjwa wachache waliopewa streptomycin ilipokuwa bado dawa ya majaribio, na akapona. Humo hospitalini alianza kutangaza mechi za mpira wa meza kupitia redio ya wagonjwa. Kuanzia mwaka 1953 BBC ikampa raga, na kwa karibu miaka hamsini, mpaka Aprili 2002, sauti yake ya Hawick ikawa ndiyo sauti ya mchezo wenyewe. Siku za kazi alibaki mwalimu wa michezo wa shule za msingi za mji wake. Renwick alipita mikononi mwake, Deans alipita, na Tony Stanger, aliyefunga trai iliyoipa Uskoti ushindi wa 13 kwa 7 dhidi ya England na Grand Slam ya 1990, yaani kuwashinda wapinzani wote wa Mataifa Matano, alipita pia.

Kabla ya kila mechi McLaren aliandaa karatasi moja kubwa, akaijaza kwa mwandiko mdogo wa wino wa rangi mbalimbali kila alichoweza kukijua juu ya kila mchezaji. Halafu alichukua karata, kila karata mchezaji mmoja, akawa anazichanganya na kuzifunua haraka haraka, akitaja jina kabla jicho halijatulia. Mfukoni hakukosa pipi za mnanaa zinazotengenezwa Hawick, akiwagawia wachezaji wa nchi yoyote aliokutana nao mazoezini. Nguvu ya mji huu ilikuwa hapo: mtu ambaye angeweza kuhamia London na kuishi kwa jina lake alikuwa Jumatatu asubuhi kwenye uwanja wa shule, akiwaonyesha watoto wa miaka tisa jinsi ya kupasi mpira kwa mikono miwili.

Uridhaa huo ulikuwa na upande wake mchungu, na mwandishi anayeusifu bila kuutaja anawadhulumu watu. Hawick ilikuwa na mwana aliyeitwa Dave Valentine. Mwaka 1947 aliichezea Uskoti mara mbili, kisha akaenda Huddersfield, kaskazini mwa England, kucheza raga ya ligi, ule mchezo wa ndugu uliokuwa ukilipa wachezaji wake. Kwa kanuni za wakati ule, kuvuka mpaka huo kulikuwa kujifukuza. Mlango ulifungwa nyuma yako, na hata kurudi kufundisha watoto bila malipo haikuruhusiwa. Mwaka 1954 Valentine aliiongoza Uingereza kama nahodha kutwaa Kombe la Dunia la kwanza la raga ya ligi, nchini Ufaransa, na mmoja wa wenzake alikuwa David Rose wa Jedburgh, kilomita chache kutoka kwao. Mataifa mengine yangemjengea sanamu. Kwa wenye raga ya ridhaa alikuwa mtu aliyeuza heshima yake. Wafumaji waliofanya kazi wiki nzima na kuumia Jumamosi bila senti walistahili kuulizwa kama wanaipenda kanuni hiyo, na hakuna aliyewauliza.

Agosti 1995, mjini Paris, Bodi ya Kimataifa ya raga ilitangaza kwamba mchezo umekuwa wa kulipwa. Tangazo la siku moja lilibatilisha kanuni ya karne nzima. Miezi michache kabla yake Stirling County ilikuwa imekuwa klabu ya kwanza kutoka nje ya Borders na Edinburgh kutwaa ubingwa, na ikawa bingwa wa mwisho wa enzi ile. Hawick wakapata furaha moja kubwa mlangoni pa enzi mpya: Mei 1996 waliifunga Watsonians 17 kwa 15 pale Murrayfield na kuchukua Kombe la Uskoti lilipochezwa kwa mara ya kwanza. Wamezoea kuwa wa kwanza.

Lakini hesabu ilikuwa imebadilika. Timu ya kulipwa inataka watu wa kujaza viti, na Uskoti ikaamua kwamba klabu za miji haziwezi kubeba mishahara. Wachezaji bora wakachukuliwa na timu za mikoa. Borders ikapewa yake mwaka 1996, ikaunganishwa na Edinburgh mwaka 1998, ikafufuliwa mwaka 2002 ikicheza Galashiels, na mwaka 2007 Chama, kikiwa kimelemewa na madeni, kikaifunga kabisa. Zimebaki Glasgow na Edinburgh mpaka leo. Kijana wa Hawick mwenye kipaji hupita juu ya kichwa cha klabu yake: akademia humchukua mapema, na Mansfield Park humwona mara chache au haimwoni.

Naamini uamuzi wa 2007 ulikuwa kosa, na kosa lenyewe halikuwa la fedha. Chama kilihesabu watazamaji waliokuja uwanjani Galashiels na kuona ni wachache. Hakikuhesabu kwamba mtu wa Hawick aliyeombwa kuishangilia timu ya pamoja, kwenye uwanja wa jirani aliyemchukia tangu utotoni, alikuwa anaombwa kuacha kitu kile kile kilichomfanya awe mtu wa raga. Wakati huohuo viwanda navyo vilikuwa vinaondoka. Pringle, jina lililouzunguka ulimwengu, ilifunga kiwanda chake cha Hawick mwaka 2008. Klabu iliyochota wachezaji kutoka kwenye zamu za kiwanda ikajikuta kijana anamaliza shule na kupanda basi la Edinburgh, bila tiketi ya kurudi.

Hawick walikuwa wameshinda ubingwa wa klabu mwaka 2001 na 2002, wa 11 na wa 12. Baada ya hapo pakawa kimya kwa miaka ishirini na moja. Watoto walizaliwa, wakapita PSA na Wanderers, wakavaa kijani na kustaafu bila kuliona kombe lile. Mwaka 2019 Chama kilianzisha juu ya ligi ya klabu mashindano mapya ya nusu-kulipwa, Super 6, kikachagua klabu sita za kuyacheza. Melrose walikuwamo. Hawick hawakuwamo.

Halafu msimu wa 2022–23, chini ya kocha Matty Douglas, Hawick wakawa tena mabingwa wa ligi kuu ya klabu. Haki isemwe: haukuwa ubingwa wa aina ile ya 1974, kwa sababu vikosi vya kwanza vya zile klabu sita vilikuwa vinacheza kwingine, na walioajiriwa na Glasgow na Edinburgh walikuwa mbali zaidi. Uskoti ya 1974 haikuwa na ngazi ya juu kuliko ile. Hata hivyo mwaka 2023 klabu ilikuwa inatimiza miaka 150. Kombe la kwanza lilikuja mjini mwaka wa 100, hili la 13 likaja mwaka wa 150, na wachezaji waliolibeba walikuwa bado watu wenye kazi zao za kuamkia Jumatatu. Mwaka 2024 Chama kiliyafuta mashindano yale ya nusu-kulipwa, na ligi ya klabu, ile iliyoanza vuli ya 1973, ikarudi kuwa ngazi ya juu ya raga ya ridhaa ya Uskoti, na Hawick wakiwa bado ndani yake.